Hata Tone Moja

Kila Jumapili alasiri kijana mmoja mwenye suti ya mitumba husimamisha spika mbili kiwanjani, nyuma ya soko, akaanza kutupigia kelele: "Kwa nini mtu anahitaji wokovu?" Anauliza mara tatu, kisha anajijibu mwenyewe, maana hakuna mwingine anayepewa kipaza sauti. Anasema ni kwa sababu ya ugimbi, ile pombe ya kienyeji. Ni kwa sababu ya disko, sketi fupi, na video zinazoonyeshwa kule Majengo. Mimi namsikiliza nikiwa barazani kwangu Mfaranyaki, nachambua mchele, nacheka peke yangu. Dhambi anazozijua yule kijana ni zile za kununuliwa dukani. Masikini, bado mdogo. Angepanda huku kwangu ningempa jibu lake, tena bila spika.

Naitwa Lidwina. Pombe sinywi. Disko sijaingia hata kwa kuchungulia. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika zahanati ya masista, na watu wa kigango chetu wananiita Mama Mbatizaji, ingawa mtoto wa kumzaa sina.

Jina hilo lina asili yake. Kazi niliyoajiriwa ilikuwa kufua mashuka, kuchemsha vifaa na kukanda migongo ya wenye uchungu. Lakini sista mmoja mzee, kabla hajarudi kwao ng'ambo kufa, alinifundisha kazi nyingine. Mtoto akizaliwa dhaifu na padri yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza, alisema, hata asiye Mkristo: maji, maneno na nia, basi. Unaanza na jina, unamwaga maji mara tatu. Tulikuwa na kikombe cheupe cha bati chenye mstari wa bluu, kimetundikwa kwenye msumari jikoni, na hakuna aliyethubutu kukinywea. Ukimaliza, maji yanayobaki unayamwaga chini ya ukuta wa nyuma, mahali pasipokanyagwa. Nilibatiza watoto arobaini na mmoja kwa kikombe kile. Wanane waliishi. Mmoja wao ni fundi baiskeli pale stendi, na akiniona huacha spana akaja kunishika mkono na kunipa shikamoo.

Arobaini na mmoja ndiyo hesabu wanayoijua watu. Ukweli ni arobaini na wawili.

Mume wangu alikuwa Sipriani, dereva wa lori la ushirika. Tulifunga ndoa kanisani mwaka wa sabini na sita, kwa pete na kengele. Mimba tatu ziliingia na tatu zikatoka. Ya tatu ilifika miezi sita, na alikuwa msichana. Sipriani hakulia hata mara moja. Alisema, "Pole, mke wangu," akatoka kwenda kuangalia upepo wa matairi. Yule msichana nilikuwa nimeshamwekea jina tangu siku niliyojua nina mimba: Beata, jina la mama yangu, aliyefariki mimi nikiwa na miaka kumi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike humrudisha bibi yake nyumbani. Basi mama yangu akabaki huko huko bila kurudi.

Mwaka wa themanini na tano Sipriani alianza kulala mtaa wa Bombambili, kwa Dorine. Dorine alikuwa binti wa kijijini Maposeni, amekuja mjini kuuza mitumba, wakati ule mitumba imeruhusiwa tena na kila mtu anajiona Mzungu. Alikuwa mwembamba, ana meno meupe, na tabia ya kucheka kabla hajamaliza sentensi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Sioni aibu kulisema hilo, maana ndilo jepesi kuliko yote nitakayoyasema hapa. Ndoa ya kanisa haivunjwi, kwa hiyo Sipriani alibaki mume wangu kwenye daftari la parokia na mume wake kitandani.

Februari mwaka wa themanini na nane, saa sita mchana, mvua ikinyesha tangu alfajiri, majirani walimleta Dorine zahanati kwa baiskeli, amekalishwa nyuma na wawili wanamshikilia. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Sista Mkuu alikuwa amekwenda Peramiho kufuata dawa, na zamu ilikuwa ya nesi Ester na mimi. Mtoto alitoka haraka, mdogo mno, rangi ya majivu, wala hakulia. Palepale Dorine akaanza kumwaga damu. Ester akaniwekea mtoto mikononi ndani ya kitenge akasema, "Mpeleke kwenye joto. Mimi nimshughulikie huyu asinifie."

Nilikuwa nimefika mlangoni Dorine aliponiita. Sauti yake haikuwa na nguvu yoyote.

"Dada Lidwina. Mbatize. Nakuomba, dada, mbatize mtoto."

Aliniita dada. Ni afadhali angenitukana.

Jikoni jiko la mkaa lilikuwa linawaka, na sufuria ya vifaa ikichemka. Nilikaa kwenye kigoda nikamfunua mtoto. Msichana. Alikuwa anapumua kwa kurukaruka: anavuta, anasahau, anakumbuka, anavuta tena. Niseme wazi, kwa kuwa hapa ndipo mahali pekee nilipofanya jambo jema siku ile: sikusita. Sikumwaza Sipriani, sikuiwaza Bombambili. Nilitungua kikombe, nikachanganya maji ya moto na ya baridi, nikayajaribu kwa kiwiko yasije yakamshtua. Ilibidi nimpe jina, na mama yake yuko chumba cha pili anapigania roho. Mdomo wangu ukasema wenyewe.

"Beata, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Aliishi kama robo saa. Nilifungua vifungo vya gauni nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nikamwimbia wimbo aliokuwa akiuimba mama yangu akitwanga. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kwa robo saa ile nilikuwa na mtoto, na mama yangu amerudi, na sikuwa na chuki na mtu yeyote chini ya jua. Kisha akavuta, akasahau, na hakukumbuka tena.

Nilimfunga vizuri. Maji yaliyobaki nikayamwaga chini ya ukuta wa nyuma. Nilikuwa narudi ndani na machozi yangu nilipomsikia Sipriani. Amekuja mbio kutoka kwenye godauni, amelowa chapachapa, amesimama ukumbini anamwuliza Ester, "Mtoto wangu yuko wapi? Mtoto wangu?" Analia. Mwanamume mzima analia kwa sauti, anajipiga kifua, kamasi zinamtoka. Nikakumbuka mimba zangu tatu. Pole, mke wangu. Upepo wa matairi.

Machozi yangu yalikauka palepale. Nilimpita Sipriani bila kumtazama, nikaingia wodini nikamlaza mtoto ubavuni kwa mama yake. Ester alikuwa amefaulu kuizuia damu. Dorine alinitazama usoni.

"Ulimwahi, dada?"

"Sikumwahi. Nilifika naye jikoni ameshakata roho."

"Na maji?"

"Maiti haibatizwi, Dorine."

"Hata tone moja?"

"Hata tone moja."

Ilikuwa rahisi. Watu hudhani uongo mkubwa unahitaji ujasiri. Unahitaji dakika moja ya hasira, halafu miaka ya uvivu wa kuusahihisha.

Asiyelelewa na katekisimu yetu ya zamani huenda asione uzito wake. Sisi tulifundishwa, tukiwa tumeketi chini kwenye vumbi la kanisa, kwamba mtoto asiyebatizwa haendi motoni, lakini mbinguni pia haendi. Huwekwa mahali pasipo na maumivu wala mwanga. Hamwoni Mungu milele, na mama yake akifa hamkuti. Siku hizi mapadri wadogo wanasema mambo hayo yameachwa. Hayakuachwa vichwani mwetu. Nilijua kabisa nilimpeleka wapi Dorine niliposema hata tone moja.

Jioni ile ile Athanasi, katekista wetu, alikuja zahanati kuniuliza, kwa sababu bila neno langu hakuweza kuandika kitu. Alikuwa mtu wa sheria, mwenye kofia ya pama na penseli sikioni. "Mama Lidwina, yule mtoto alipata?" Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, imeletwa hadi mkononi mwangu. Nikasema hakupata. Akapiga ishara ya msalaba. "Basi. Asiyebatizwa hapigiwi kengele."

Kichanga wa namna hiyo huzikwa na wanawake tu, nyuma ya nyumba, bila katekista na bila wimbo. Nilikwenda Bombambili. Mimi ndiye niliyemshika mwisho, na desturi ilitaka niwepo. Nilishika jembe. Tulimzika kwenye migomba kabla giza halijaingia, Dorine akiwa bado kitandani zahanati, na wanawake wakasema nina moyo mkubwa, kumzika mtoto wa hawara wa mume wangu.

Siku Dorine alipoweza kutembea, alinifuata. "Dada, samahani. Labda ulipokuwa unamfuta kitambaa kilikuwa na maji, na wewe ulisema neno." Nikamwambia hata tone. Akaniuliza tena ilipofika Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Siku hiyo tunasafisha makaburi, tunachomeka mishumaa, na padri anapita akinyunyiza maji ya baraka kaburi hadi kaburi. Dorine alisimama nje ya ua wa michongoma, ameshika mshumaa, hana pa kuuchomeka. Watu walipotawanyika akaja. "Dada Lidwina, nisamehe nakusumbua. Hata tone moja?"

"Hata tone, Dorine."

Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Na uliofuata. Kuna mwaka aliniambia anamwota mtoto yuko kwenye ukungu kule milima ya Matogoro, anatambaa, analia, hamwoni mtu. Aliniambia huku amenishika kiganja. Nikamjibu, "Ndivyo tulivyofundishwa." Nilimwangalia akiondoka, mabega yameshuka, nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Nitalisema lote. Nilikuwa nalisubiri swali lile. Kuanzia Oktoba nililisubiri kama watoto wanavyosubiri Krismasi. Nilipiga pasi gauni langu la kijani kwa ajili yake.

Halafu ushirika ukayumba. Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi, na Sipriani akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Akapata lori la tajiri mmoja wa Makambako, akawa anakusanya mahindi Madaba, na safari moja hakurudi. Tulisikia ana mwanamke mwingine huko, na watoto. Alituacha wote wawili, mimi na Dorine, kama magunia matupu. Mtu mwenye akili angesema sasa yaishe, kwa kuwa sababu imekwisha. Sababu ilikwisha kweli, lakini ukatili ulibaki, ukaendelea wenyewe bila kulishwa. Novemba ile Dorine alikuja hana mume, hana mtoto, viatu vimetoboka vidole, akaniuliza swali lake. Nami nikampa jibu langu.

Mwaka wa tisini na nne hakuja. Nilibaki makaburini mpaka mishumaa ikaisha, na gauni langu la kijani. Wiki iliyofuata nilikutana naye sokoni, na kabla sijafungua mdomo akaniita kwa mbali, "Bwana asifiwe, dada!" Nikajua wamemchukua. Walokole walikuwa wamepiga hema kiwanjani mwezi mzima, wanaombea viwete na kupiga magitaa. Nilimjibu kwa ukali, "Tumsifu Yesu Kristo," naye badala ya kuitikia akanikumbatia katikati ya mafungu ya nyanya. Aliniuliza habari za mgongo wangu. Aliniuliza habari za zahanati. Lile swali hakuliuliza.

Hakuliuliza mwaka ule, wala tisini na tano, wala tisini na sita. Sijui nieleze vipi jinsi nilivyokasirika. Mtu unamtesa miaka sita, halafu anaamka asubuhi moja ameacha kuumia, hata kwaheri hakuagi. Nilibaki na ule uongo peke yangu ndani ya nyumba, na sasa haukuwa na kazi nyingine ila kunitazama.

Kwa hiyo nilikwenda kuungama. Ilikuwa Kwaresima ya tisini na saba, na nilikwenda kwa hasira, siyo kwa toba. Nilimchagua Padri Rupert, mzee mwenye masikio mazito ambaye wenye dhambi kubwa humkwepa, maana humlazimisha mtu kurudia kwa sauti. Nilitaka ashtuke. Nilimwambia yote: kikombe, maji, robo saa, Sipriani, Novemba zote. Jina tu ndilo sikulitaja. Hakushtuka.

"Lidwina," alisema, "mwizi wa mbuzi haji kuniomba maondoleo huku mbuzi amemfunga nje ya mlango. Mrudishie mwenyewe kwanza. Nenda ukamwambie mtoto wake alibatizwa. Na jina ulilompa, mwambie na jina, apate kumwita mwanawe. Halafu urudi Jumamosi Kuu. Nitakungojea."

"Na nisipoweza?"

"Hutaweza," alisema. "Ndiyo maana uombe kabla hujaondoka."

Sikuomba. Niliona ni jambo la kutembea nusu saa.

Alhamisi Kuu, saa nne asubuhi, nilimkuta Dorine uani kwake Bombambili anapukuchua mahindi kwenye ungo. Nyuma yake ilikuwa ile migomba, imenenepa, ina mikungu.

"Karibu, dada! Bwana asifiwe."

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," alisema safari hii, akacheka, akanisogezea kigoda.

Sikukaa. Nilisema nimesimama, kama mtu anayesoma tangazo. "Dorine, nilikudanganya. Mtoto wako alikuwa hai nilipofika naye jikoni. Nilimbatiza. Maji mara tatu, na maneno yote. Nilikuambia sikumwahi kwa sababu nilimsikia Sipriani analia, nikataka nanyi mlie."

Gunzi lilimponyoka mkononi. Aliliangalia lilipoangukia.

"Alipata?"

"Alipata."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai. Aliishi robo saa baadaye."

"Robo saa. Peke yake?"

"Nilikuwa naye," nilisema, na sikuongeza.

Alijifunika uso kwa kanga. Nilingoja. Niwe mkweli, nilikuwa natamani anirushie ungo, anikwaruze, aite majirani waje kuniona. Nilikuwa tayari kwa hilo na ningelibeba vizuri. Alipofunua uso ulikuwa umelowa, lakini umetulia.

"Nimekusamehe," alisema.

"Usiharakishe. Hujanielewa. Nilifanya makusudi. Novemba zote zile, makusudi."

"Nimekuelewa."

"Tena nilifurahi!"

"Nilikuwa naona, dada. Mtu akifurahi uso haufichi."

Hapo nilikaa bila kupenda. "Sasa kama ulikuwa unaona, kwa nini uliendelea kuja kuniuliza?"

"Ningemwuliza nani?" alisema Dorine. "Hakuna mwingine aliyemwona."

Kuku walikuwa wanaokota punje chini ya miguu yetu, wala hakuwafukuza. Akaniambia kwamba kule kwenye hema, siku ya kwanza kabisa, aliwauliza walokole kabla hajakubali kitu chochote. Walimjibu mtoto mchanga ni wa Bwana, maji au bila maji. "Nililala usingizi siku hiyo, dada. Mara ya kwanza tangu nimzae. Kwa hiyo usione umechelewa kunitua mzigo. Mimi niliutua. Leo umekuja kuutua wa kwako. Utue."

Miaka mitatu nilikuwa nalinda mlango ambao mfungwa wake alishatoka. Nilitamani kumpiga mimi.

Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa yule msichana wa Maposeni wa zamani, anayecheka kabla ya kumaliza. "Na jina je? Ulimpa jina gani? Mimi namwita Mtoto tu. Miaka tisa, dada, kila nikiomba nasema, Bwana, yule Mtoto. Nipe jina lake."

Jina lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Herufi tano. Nilikuwa nimeshasema mimi ni mwongo, na katili, na nilifurahia machozi yake, na yote yalitoka bila kunikwama. Ukatili una heshima yake. Mtu katili huogopwa. Lakini kusema Beata ilikuwa kumwambia kwamba nilimtaka mwanawe. Kwamba nilifungua vifungo vya gauni. Kwamba mimi, mke wa kanisani, mgumba, nilipewa robo saa na mtoto wa hawara wa mume wangu, na hiyo ndiyo robo saa bora kuliko zote nilizoishi. Angenionea huruma. Angesema "pole, dada," na pole nyingine sikuitaka maishani mwangu. Tena lingekuwa lake. Angelitamka asubuhi na jioni, angelifundisha kanisa zima la walokole, jina la mama yangu. Beata alikuwa wangu.

"Sikumpa jina," nilisema. "Haraka ilikuwa nyingi."

"Hakuna jina?"

"Padri anasema ubatizo unashika hata bila jina."

Padri hakusema hivyo. Uongo mpya, mbichi kabisa, dakika chache baada ya kusamehewa ule wa zamani, na nimekalia kigoda cha aliyenisamehe.

Dorine aliitazama migomba. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na mtu mwingine. "Basi nitampa mimi leo. Nitamwita Lidwina."

"Nani?"

"Lidwina. Wewe ndiye uliyemmwagia maji. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Bila wewe angekufa peke yake jikoni. Awe somo wako."

Hapo pia ningeweza kusema. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi. Nilisema, "Sawa." Tena niliongeza, "Asante."

Jumamosi Kuu, Padri Rupert alikuwa ananingojea kweli, kama alivyoahidi. "Umemwambia?"

"Nimemwambia, padri."

"Na jina?"

"Jina analo."

Ukiyapima maneno hayo moja moja, hakuna la uongo. Akanyanyua mkono akaniondolea dhambi. Siku ya Pasaka nilipokea komunyo nimefumba macho, na wanawake wakanipisha kwenye mstari, kwa kuwa mimi ni Mama Mbatizaji.

Ndiyo maana nacheka nikimsikia yule kijana na spika zake. Mlevi akiishiwa pombe hutulia. Mimi nilifunguliwa mlango, nikapewa kigoda, nikasamehewa kabla sijamaliza kusema, na papo hapo nikaiba tena, nikamwibia yule yule. Hakuna aliyenishikia kisu. Nilijua njia ya kutoka, ilikuwa neno moja, na miguu haikutaka. Mtu wa namna hiyo hawezi kujiokoa mwenyewe. Wa kumwokoa lazima atoke nje yake, tena awe na nguvu nyingi, kwa sababu mwenyewe atang'ang'ania humo humo.

Dorine alifinyanga msalaba mdogo wa saruji, akaandika kwa ncha ya msumari: LIDWINA. Wenzake wa kanisani hawapendi mambo ya makaburi, lakini kwa hili yeye hawasikilizi. Novemba sasa ni yeye anayenialika mimi. Ananipikia chai, ananitandikia mkeka chini ya migomba, ananiita Mama Lidwina mbele ya majirani, anaimba pambio zake huku anapiga makofi. Mimi nasimama nimevaa gauni la kijani, nasoma jina langu juu ya mwanangu na mama yangu.

"Mwite na wewe, dada," ananiambia kila mwaka, na meno yake meupe. "Mwite, anakusikia."

Namwita. Nainama karibu na saruji ili Dorine aone nimeinama, namwita Lidwina, Lidwina, na hakuna anayeitika.